Kunguru Mwoga na Ndege Asiyejua Hofu

Alasiri maji yakishatoka, mama anayepara samaki ufukoni Rasbura, Lindi, huwa na mtazamaji mmoja asiyekosa. Ni kunguru wa kifua cheupe. Hasogei ovyo. Husimama hatua kadhaa pembeni, akamwangalia yule mama usoni, akauangalia mkono wake, akaangalia kama kuna mtoto karibu mwenye jiwe. Mama akigeuka kusuuza kisu, matumbo ya samaki yameondoka. Mtoto akiinama tu, hata kama anaokota kombe, kunguru yuko juu ya mnazi. Wahenga walimtazama ndege huyuhuyu waliposema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Sisi tunaitumia methali hiyo kumwonya kijana mwenye pupa, lakini ndani yake mna elimu ya ndege. Woga wa kunguru ni hesabu: anajua amwogope nani, lini, na kwa umbali gani.

Nimeanza na kunguru kwa sababu swali ninalotaka kulichambua linamgusa moja kwa moja. Liko tawi la sayansi linalochunguza akili za ndege: wanavyokumbuka, wanavyojifunza, wanavyoigana na wanavyoamua. Liko tawi jingine linalopigania ndege wa visiwani, ambao ndio waliopotea zaidi. Takriban asilimia 90 ya aina za ndege zilizotoweka duniani tangu mwaka 1500 ziliishi visiwani. Kwa muda mrefu wataalamu wa matawi haya hawakukaa meza moja. Wa kwanza walishinda na vizimba na mafumbo, wa pili walizunguka na madaftari wakihesabu viota. Je, kujua ndege anavyofikiri kunasaidia kumwokoa? Mimi nasema kunasaidia, na nasema zaidi ya hapo: fedha nyingi zimepotea na ndege wengi wamekufa kwa sababu tulilichukulia jambo hili kama anasa ya maprofesa. Ushahidi umetapakaa Bahari ya Hindi, na sehemu yake iko mlangoni petu.

Kwanza tuondoe dharau. Wataalamu wa zamani waliamini kwamba ubongo mdogo wa ndege hauwezi kubeba fikra. Mwaka 2016 kundi la watafiti, akiwamo Mbrazili Suzana Herculano-Houzel, lilichapisha hesabu ya seli za neva katika bongo za ndege wa aina 28. Walikuta seli zimesongamana mno, hata sehemu ya mbele ya ubongo wa kunguru au kasuku ina seli nyingi kuliko ya baadhi ya nyani. Miaka kumi iliyotangulia, huko Seattle, Marekani, John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha sura ya kutisha, wakawakamata kunguru saba, wakawavisha pete na kuwaachia. Tangu siku hiyo, aliyevaa kinyago kile alipigiwa kelele kila alikopita, na aliyevaa kinyago kingine akapita salama. Miaka ilivyosonga, idadi ya wapiga kelele iliongezeka badala ya kupungua. Kunguru ambao hawakuwahi kushikwa, na makinda yaliyozaliwa baadaye, walikuwa wameambizana.

Sasa njoo Unguja. Katika miaka ya 1890 kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu aliletwa kutoka India ili ale takataka za mji. Alizila, kisha akavamia viota. Ndege huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, huwafukuza hata mwewe kwa kuwashambulia kikundi, na panapokuwa na wengi wake, chozi na shomoro wa kienyeji huwa adimu. Akavuka bahari. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, ambako wenyeji humwita kurabu. Leo yupo Dar es Salaam, Tanga, Malindi, na amepenya bara kwa kufuata barabara na majalala. Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja wa aina hii kabla mwaka haujaisha.

Historia ya kumpiga vita ni darasa la akili ya ndege, ingawa haikuandikwa hivyo. Zanzibar ilijaribu bunduki. Kunguru alijifunza haraka tofauti ya mtu mwenye bunduki na mtu mwenye fimbo, na baada ya milio michache kundi lote lilihama mtaa. Ilijaribu kuvunja viota, naye akajenga vingine, mara nyingi kwa vipande vya waya vilivyotupwa na mafundi. Ilijaribu mitego. Mtego wa kizimba wenye kunguru hai ndani yake, awaite wenzake, ulifanya kazi vizuri zaidi, maana ulitumia tabia ya kunguru ya kufuata mkusanyiko. Lakini hata huo lazima mtegaji aufungue pasipo kunguru wengine kumwona akiua, la sivyo mtego huo huwa kinyago cha Seattle.

Kampeni ya Unguja iliyofanikiwa kuliko zote ni ile ya miaka ya 1990, iliyoongozwa kitaalamu na Tony Archer, ambapo makumi ya maelfu ya kunguru waliuawa. Angalia ilivyopangwa. Kwanza nyama safi iliwekwa mahali palepale siku kadhaa bila sumu, mpaka kunguru wakapazoea. Kisha ikatumika sumu ambayo haiui papo hapo. Ndege alikula, akaruka, akarudi kwenye mti wake wa kulala, akafa baada ya saa nyingi, mbali na chambo. Wenzake hawakupata nafasi ya kuunganisha chakula na kifo. Sumu inayoua papo hapo ingelifunza kundi zima kwa asubuhi moja. Kwa hiyo aliyemshinda kunguru ni yule aliyekubali kwanza kwamba anashindana na kiumbe anayefikiri, akauliza: huyu anajifunza nini, kutoka kwa nani, na kwa muda gani?

Fedha za kampeni zilipokwisha, kunguru walirudi. Sioni aibu kusema kwamba kumuua ndege huyu kunanihuzunisha. Hakujileta mwenyewe. Aliletwa kufanya kazi, akaifanya, na anazidi kuifanya kila tunapotupa utumbo wa kuku nyuma ya soko. Lakini nikipima huzuni hiyo na viota vinavyoporwa, nakubaliana na wanaompunguza, kwa sharti moja: jalala lifungwe kwanza. Idadi ya kunguru wa mji ni kipimo cha takataka zake, na hakuna sumu itakayoshinda mlo wa bure.

Huo ni upande wa ndege anayejua kuogopa. Upande wa pili uko Pemba.

Unguja na Mafia ziko juu ya ukingo wa bara, na zama za barafu bahari ilipokuwa chini, zilikuwa nchi kavu moja na Tanganyika. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na imekaa peke yake muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Unguja, pamoja na ukubwa wake, haina hata aina moja kamili ya ndege wa kwake peke yake, na Pemba inazo nne: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo ambaye sauti yake husikika usiku katika msitu wa Ngezi na mashamba ya mikarafuu. Kisiwa chenye upana usiozidi safari ya nusu siku kwa miguu kina ndege wanne ambao wakifa hapo wamekufa duniani.

Kutengwa hujenga ndege wa namna yake. Mahali pasipo na paka, cheche wala panya, ndege anayeruka kila jani likitikisika anapoteza nguvu na muda wa kula. Vizazi vinapopita, waoga hawana faida, na woga unapungua. Hapo ndipo methali yetu inapogeuka: kisiwani, kwa maelfu ya miaka, kunguru mwoga hana cha kukimbizia ubawa wake. Kisha jahazi linatia nanga, panya anashuka kwa kamba.

Mfano uliozoeleka ni dodo wa Morisi. Waholanzi walifika kisiwani humo mwaka 1598, na taarifa ya mwisho inayokubalika ya kumwona dodo ni ya mwaka 1662. Miaka 64. Mabaharia walimwandika kama ndege mpumbavu kwa sababu alimwendea mtu aliyeshika rungu. Lakini mwaka 2016 watafiti walipolipiga fuvu la dodo picha za ndani, walikuta ubongo uliolingana na mwili wake kama ulivyo wa njiwa, ambao ndio ukoo wake. Njiwa ni ndege anayeweza kufundishwa kutofautisha picha na kukumbuka njia ya nyumbani kwa mamia ya kilomita. Dodo hakukosa akili. Alikosa somo moja, na hakupewa muda wa kulisoma. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu mpumbavu hafundishiki, ila asiyejua anaweza kufundishwa.

Je, inawezekana kweli kumfundisha ndege hofu? Hawaii walilazimika kujaribu. Kunguru wao wa asili, ʻalalā, alitoweka porini mwaka 2002, akabaki vizimbani tu. Mwaka 2016 Christian Rutz na wenzake walithibitisha kwamba huyu ni fundi: waliwapima ndege 104, na wengi wao walishika kijiti kwa mdomo kuchokoa chakula ndani ya tundu bila kufundishwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo watano waliachiliwa msituni. Watatu walikufa upesi, na waliobaki wakarudishwa. Ufundi wa kijiti haukuwasaidia mbele ya mwewe wa kisiwa hicho. Waangalizi wakabadili mpango. Kabla ya kuachia kundi lililofuata, waliwaonyesha ʻalalā mwewe hai huku wakiwapigia sauti za hatari zilizorekodiwa kwa ndege wenzao, ili sura ya adui ishikamane na kilio cha tahadhari. Kati ya 2016 na 2019 waliachiliwa ndege 30. Baadhi waliishi miaka, lakini mwewe hakuacha kuwapunguza, na kufikia mwaka 2020 watano waliosalia walirudishwa kizimbani. Mwezi Novemba 2024 wengine watano waliachiliwa kwenye kisiwa cha Maui, ambako mwewe yule hazaliani.

Kisa hiki nakiona kizito kuliko cha dodo, na sababu ni jambo dogo lililogunduliwa kwa kulinganisha kanda za sauti. Milio ya ʻalalā wa vizimbani si sawa na ile ya mababu zao wa porini. Sauti za kutangaza mipaka na za kuonya zimepungua. Mayai yaliokolewa, damu iliokolewa, lakini kile ambacho mzazi humwambia mtoto wake juu ya mti kilikatika vizazi vichache tu baada ya mti kuondolewa. Sensa haipimi upotevu wa namna hiyo. Anayehesabu vichwa angesema mambo yanakwenda vizuri.

Karibu zaidi nasi, Shelisheli, mtafiti aliyeelewa maamuzi ya ndege alivuna matunda matamu. Mwaka 1968 ndege mdogo wa kahawia, kucha wa Shelisheli, alikuwa amebaki na wenzake wasiofika 30 duniani kote, wote kisiwani Cousin. Kisiwa kilinunuliwa kwa ajili ya hifadhi, minazi ikapunguzwa, miti ya asili ikarudi, na ndege wakaongezeka mpaka wakajaa. Mholanzi Jan Komdeur alipowachunguza, aliona vijana wengi hawaanzi familia. Wanabaki kwa wazazi na kusaidia kulisha wadogo zao. Je, ni maumbile yao, au ni uamuzi? Mwaka 1988 alihamisha ndege 29 kwenda kisiwa cha Aride, kisichokuwa na kucha hata mmoja. Usaidizi ulikoma. Kila kijana alijitwalia eneo lake. Maeneo mazuri yalipojaa, vijana wakaanza tena kukaa nyumbani. Kumbe walikuwa wakipima nafasi iliyopo. Alikuta pia kwamba mama mwenye eneo duni huangua zaidi madume, wanaohama, na mwenye eneo zuri huangua zaidi majike, wanaobaki kumsaidia. Elimu hiyo haikuishia kwenye majarida: ilionyesha kwamba Cousin kilikuwa kimejaa na kwamba kilichokosekana ni ardhi. Visiwa vingine vikaongezwa, Cousine mwaka 1990, Denis mwaka 2004, Frégate mwaka 2011, na leo kucha hao wanazidi 3,000.

Msomaji wa Lindi atauliza sisi tuna nini. Tuna mlembe, ndege wa asali, na huenda ni yeye aliyeupa ulimwengu ushahidi bora zaidi wa ndege wa mwituni anayezungumza na binadamu. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha utafiti uliofanywa kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya: mtafuta asali bila ndege alitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga, na akiongozwa na mlembe saa 3.2. Ng'ambo ya Ruvuma, katika Niassa, Wayao, ndugu wa hawa wa Masasi na Tunduru, humwita kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizikia na mguno. Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mlio ule unaongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023, yeye na Brian Wood walilinganisha Wayao na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hupiga mluzi. Mlembe wa Niassa aliitikia mguno wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Kihadzabe, na wa Eyasi akauitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mguno wa Kiyao. Kila ndege anajua lugha ya watu wa kwao. Tena hakufundishwa na mzazi, kwa maana mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine na hamjui mama yake. Alijifunza kwa watu.

Mlembe si ndege wa kisiwa, lakini anaeleza jambo ambalo wa visiwani wanateswa nalo. Maarifa ya ndege yana mahali pake. Vijana wakiacha kuwinda asali na kununua sukari dukani, mlembe atabaki msituni, ila mazungumzo yatakuwa yamekwisha kwa pande zote mbili. Na misitu yetu nayo imekuwa visiwa. Uwanda wa Rondo, magharibi ya Lindi mjini, ni kipande cha msitu wa pwani kilichozungukwa na mashamba, makao ya komba wa Rondo na ya ndege mmoja wa madoa kifuani anayefukua majani makavu sakafuni, ambaye huonekana pia Gede na Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Kwa ndege anayesafiri hivyo, kila kipande ni kituo anachopaswa kukumbuka. Kikikatwa, kumbukumbu yake inampeleka kwenye shamba la mihogo.

Baharini tuna mgeni mwingine wa kukumbukwa. Msimu wa kaskazi, matope ya delta ya Rufiji, Mafia na ghuba za kusini hupokea mla-kaa, ndege mweupe na mweusi wa miguu mirefu na mdomo mnene. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo la mchanga, kwenye visiwa na fukwe za upande wa Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha hushuka kwetu kwa njia ileile ya majahazi. Ndege wengi wa ufukweni huwaacha watoto wajitegemee mapema. Mla-kaa huja na mwanawe, na miezi baadaye, huku huku kwetu, bado anamlisha anapoomba. Kumvunja kaa bila kukatwa ni kazi ya kujifunza. Matope yetu basi ni zaidi ya jamanda la chakula, ni chuo. Anayelitimua kundi kila siku kwa boti ya mashine, au kwa kuwaachia mbwa, anavunja darasa lililosafiri maelfu ya kilomita.

Hapa ndipo ninapowalaumu waandaaji wa mipango yetu ya hifadhi. Tunahesabu ndege, na tunafanya vizuri kuhesabu. Lakini hatuulizi mvuvi. Mzee aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, Songo Songo kwa misimu 40 anajua buabua wakizunguka hivi chini yao pana jodari, na wakinyamaza vile upepo unageuka. Anajua kisiwa gani ndege huketi hadi umguse na kisiwa gani huruka ukiwa bado baharini. Kwa mtaalamu wa akili za ndege, umbali huo ambao ndege huanza kuruka ni kipimo halisi, nacho huonyesha mahali gani wamesumbuliwa. Vyuo vyetu, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi Sokoine, vina wanafunzi wanaoweza kukaa na wazee hawa Rasbura, Kitunda na Kilwa Kisiwani msimu mmoja tu wakatoka na ramani ya hofu ya ndege wa pwani nzima ya kusini. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji kamba ya kupimia, daftari, na adabu ya kusikiliza.

Na kwako wewe unayekwenda dago: kabla hujapandisha tanga, funua shehena yako ya unga na mikeka uangalie kama kuna panya. Paka abaki nyumbani. Ukifika kisiwani ukamkuta ndege juu ya yai lake anakutazama tu bila kuondoka, pita mbali naye, kwa sababu hajui kwamba anapaswa kukukimbia.